Gia ya Kuume, Breki ya Kushoto

Mpwa wangu, kijana aliyekula jasho lake miaka minne kwa kuendesha bodaboda baina ya Ngamiani na Pongwe, alinijia ugenini hapa Birmingham mwezi wa Aprili uliopita, na siku ya tatu ya kuwasili kwake, zilipokwisha habari za ndugu na jamaa, za nani kaoa na nani katangulia mbele ya haki, akaniomba ruhusa ya kuipanda ile Royal Enfield yangu ya zamani katika konde la kondoo, nje ya mji upande wa Worcestershire, ambalo mwenyewe, mzee mwema, ameniruhusu kufanyia mazoezi kwa sharti la kufunga lango. Sikuwa na sababu ya kumnyima. Nimepata kupakiwa naye Tanga wakati wa masika, njia ya udongo ikiwa imegeuka uji, nikaona jinsi mguu wake ulivyo mwepesi juu ya gia na mpole juu ya breki, hata nikasema moyoni kwamba huyu hakufundishwa kuendesha, alizaliwa nako.

Nikamwambia, "Mwanangu, tahadhari. Hii gia yake iko mguu wa kuume na breki iko kushoto. Tena gia ya kwanza haikanyagwi, hunyanyuliwa. Zilizobaki ndizo zinazokanyagwa."

"Nimesikia, mjomba," akajibu, akavaa kofia yake.

Sikio lilikuwa limesikia kweli, lakini mguu hauna sikio. Aliondoka vizuri, maana mtu anapoondoka huwa bado anafikiri: akanyanyua gia ya kwanza kwa mguu wa kuume, akaachia klachi taratibu, injini ikavuta pumzi zake nzito, akaingia ya pili, akaifuata njia ya kondoo mpaka ukingo wa konde, akageuza, akaanza kuteremka kuelekea langoni. Hapo kondoo jike na mwanawe wakachupa kutoka nyuma ya kichaka. Kijana akafanya lile ambalo miaka minne ya Tanga ilimzoeza kulifanya kabla ya fikira kuwahi: akakanyaga kwa mguu wa kuume, akitaka breki. Pikipiki ikapokea gia ya tatu, mlio ukashuka, na mteremko ukaichukua kwa kasi zaidi kuliko kwanza. Naye alipoona haisimami akakanyaga kwa mguu wa kushoto, akitaka gia ya chini imshikie mwendo, kumbe hiyo ndiyo breki. Gurudumu la nyuma likaganda juu ya majani mabichi, pikipiki ikalala ubavu, na mpanda wake akateleza kwa mgongo mpaka karibu na lango.

Kondoo walisalimika, na yeye pia alisalimika, alhamdulillahi, ila kwa tope lililomjaa kutoka kisigino hadi shingo. Akasimama, akaitazama ile mashine iliyolala, akasema kwa huzuni ya kweli, "Mjomba, pikipiki hii imenikataa."

Nikamwambia haikumkataa. Imemtii kila neno alilolitamka kwa mguu. Ila yeye alitamka kwa lugha moja na yenyewe husikia kwa nyingine.

Watu wengi wa siku hizi hudhani kwamba gia kukaa kushoto na breki ya nyuma kukaa kuume ni jambo la maumbile, kama jua kuchomoza mashariki, kwa kuwa kila pikipiki waliyoiona tangu utotoni, iwe imetoka India au Uchina au Japani, imekaa hivyo. Kumbe ni mapatano tu, tena mapatano ya juzi, na kabla yake dunia ya pikipiki ilikuwa na madhehebu mengi, kila nchi na desturi yake, na wakati mwingine kila kiwanda na desturi yake ndani ya mji mmoja. Mimi ni mkaazi wa mji huu kwa miaka mingi, na katika mwendo wa asubuhi moja naweza kupita mahali palipokuwa na BSA huko Small Heath, Norton katika Bracebridge Street, Ariel katika Selly Oak, na Velocette katika Hall Green; na Redditch, ilikozaliwa Royal Enfield yangu, si mbali. Viwanda hivi vilikuwa majirani, mafundi wao walikunywa chai katika mikahawa ile ile, na bado mtu aliyetoka kwenye pikipiki ya jirani mmoja kwenda ya jirani mwingine ilimbidi aulize kwanza.

Hapo mwanzo mguu haukuhusika na gia. Ubavuni mwa tangi la petroli palikuwa na mkono wa chuma, aghalabu upande wa kuume kwa Waingereza, na mtu aliyetaka kubadili gia alilazimika kuachia usukani kwa mkono mmoja, aushike ule mkono wa chuma, auvute au ausukume mpaka ahisi umekaa. Katika barabara iliyonyooka jambo hilo ni usumbufu tu, lakini katika njia ya mawe, ambako usukani hupigwa huku na huko kama kasia katika mawimbi, kuachia mkono mmoja ni kujitia hatarini kwa hiari. Wamarekani nao walikuwa na yao: Harley-Davidson walikuwa na gia ya mkono upande wa kushoto wa tangi na klachi ya mguu, ilhali washindani wao, Indian, waliweka mafuta katika mkono wa kushoto wa usukani na gia upande wa kuume, kinyume kabisa, hata mtu aliyezoea moja hakuweza kuondoka salama na nyingine kabla ya kukaa na kutafakari.

Aliyeuingiza mguu katika kazi hii kwa namna tunayoijua sisi ni Harold Willis wa Velocette, mhandisi na mshindani wa mbio, aliyebuni mnamo 1928 pedeli ambayo kila ikikanyagwa au kunyanyuliwa hubadili gia moja tu, kisha hujirudia yenyewe mahali pake pa katikati, ikingoja amri nyingine. Ni jambo dogo ukilieleza, lakini ndilo lililoifungua mikono ya mpanda pikipiki ibaki juu ya usukani wakati wote, na sidhani kama kuna uvumbuzi mwingine ulioifaa zaidi safari ya njia mbaya, ukiondoa tairi la upepo.

Na kwa nini Waingereza waliiweka pedeli hiyo kuume? Mtu hawezi kulielewa jambo hili kwa kuangalia miguu; sharti afungue mashine. Desturi yao ilikuwa kuupeleka mwendo wa injini kwenye giaboksi kwa mnyororo uliokaa ubavu wa kushoto, hivyo klachi ikawa kushoto, na nyuma ya klachi, upande huo huo, likakaa gurudumu la meno linalouvuta mnyororo wa nyuma. Ubavu wa kushoto ukajaa. Ubavu wa kuume wa giaboksi ukabaki mtupu, na hapo ndipo fundi alipoweza kufunika kifuniko chake na kutia ndani yake mambo mawili, kiki ya kuwashia na mtambo wa kubadilia gia. Mguu wa kuume ukapewa kazi hiyo kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Wajapani walipokuja na injini zao zilizokaa na giaboksi katika sanduku moja, klachi yao nyingi ikawa kuume, na mambo yakapinduka. Kwa hiyo mpwa wangu, alipokanyaga gia akidhani ni breki, alikuwa anagongana na uamuzi uliofanywa na mafundi wa mji huu kabla ya babu yake kuzaliwa, kwa sababu ya mahali mnyororo ulipopita.

Laiti ingekuwa ni upande tu! Ndani ya upande huo huo wa kuume kulikuwa na ikhtilafu ya mpangilio. Kwa Norton gia ya kwanza hunyanyuliwa na tatu zilizobaki hukanyagwa; kwa Triumph gia ya kwanza hukanyagwa na zilizobaki hunyanyuliwa; Royal Enfield hufuata mwendo wa Norton, na kwa hisani yake huongeza pedeli ya pili, fupi, ya kisigino, ambayo ukiikanyaga ukiwa katika gia yoyote isipokuwa ya kwanza hukurudisha nyutro kwa pigo moja. Wachekoslovakia waliounda Jawa waliweka gia kushoto, wakaifanya pedeli hiyo hiyo iwe kiki, ukiigeuza juu unawashia na ukiirudisha chini unabadilia gia, werevu ambao kila nikiutazama hunistaajabisha.

Vita Kuu ya Pili iliukaza mwendo wa kuume. BSA peke yao walitoa pikipiki za M20 zaidi ya 120,000 kwa ajili ya majeshi, na baada ya vita zikauzwa kwa bei ya chini kwa vijana waliorudi makwao, nao wakazivua mabegi na taa, wakazikatisha matopeni, wakaanza kuzipandisha milimani siku za Jumapili. Kizazi hicho kizima kilijifunza kwa mguu wa kuume. Mimi hupenda kuwaza kwamba mlio wa mashine za aina hiyo, zenye pistoni moja na mapigo yaliyoachana, ndio uliowafanya watu wetu wa pwani waziite pikipiki, na wengine tukutuku. Maana ukiisikiliza Royal Enfield yangu ikinguruma polepole utasikia jina lake mwenyewe, jambo ambalo huwezi kulisikia katika mashine za leo zinazolia kama nyuki.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe, huu ninaoufanyia mazoezi kondeni, ambao msomaji wa Afrika ya Mashariki huenda hajauona. Haushindaniwi kwa mwendo. Mpanda pikipiki hupewa kipande kifupi cha njia, pengine mita 30 tu, kijito chenye mawe, au mzizi wa mti uliolowa, au genge la udongo, kilichowekewa mipaka kwa vijibendera, naye hutakiwa akipite bila kutia mguu chini na bila kusimama. Mguu ukigusa ardhi mara moja ni alama 1. Pikipiki ikisimama au ikianguka ni alama 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Kwa hiyo mguu, ambao katika michezo mingine ya pikipiki ni mtumishi, hapa ni shahidi wa makosa, na kila mguu una kazi nyingine inayoungoja juu ya pedeli.

Fikiri unateremka korongo, gia ya kwanza, injini ikikushika kwa nguvu zake, na breki ya nyuma ikihitajika kidogo kidogo kwa ncha ya kiatu, kwa kuwa breki ya mbele ya mashine za zamani ni dhaifu penye ukavu na ni hatari penye utelezi. Njia ikipinda kushoto, pikipiki huinama kushoto, na ukikosa mizani mguu utakaotoka kukuokoa ni wa kushoto. Katika pikipiki ya leo mguu huo ulikuwa umekaa bure juu ya gia usiyoihitaji, basi hutoka, hugusa, hurudi, na hasara yake ni alama 1. Katika pikipiki ya Kiingereza mguu huo ndio ulioshika breki. Ukiutoa, breki imekwenda pamoja nao, na mashine, iliyokuwa imezuiwa, hupata uhuru wake katika dakika ambayo wewe umepoteza wako. Ikipinda kuume, mambo hugeuka: hapo mwenye mashine ya zamani ndiye aliyestarehe. Ndiyo maana wazee wa mchezo huu huweza kulitazama korongo moja na kukwambia, kabla hujawasha, kwamba hili ni la gia ya kuume na lile ni la gia ya kushoto, na wewe mgeni ukadhani wanasoma nyota.

Mahali pa kuuona mchezo huu kwa haki yake ni nyanda za juu za Uskoti. Huko, kandokando ya Fort William, hufanyika kila mwaka mwezi wa Mei Mashindano ya Siku Sita ya Uskoti, ambayo mizizi yake ni ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na jirani yake, katika kijiji cha Kinlochleven, hufanyika mashindano ya siku mbili yaliyotengwa kwa pikipiki za namna ya kabla ya 1965. Kijiji hicho kimekaa katika kina cha bonde, kichwani mwa ghuba nyembamba ya bahari, na ubavuni mwake hushuka mabomba makubwa ya maji yaliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili kuendesha kiwanda cha kuyeyushia alumini. Kando ya mabomba hayo kuna mpando wa mawe wenye mwinuko kiasi cha kumfanya mtembea kwa miguu ashike magoti, na wapanda pikipiki wameupa jina la mabomba yenyewe, Pipeline. Nimesimama hapo katika mvua ya Uskoti, ile mvua nyembamba isiyoanguka bali huning'inia, nikaona wazee wa miaka 70 wakiupanda juu ya mashine zilizowazidi kidogo tu kwa umri, uso umetulia, mguu wa kuume umelegea juu ya gia kana kwamba umelala, mlio ukipiga mmoja, mmoja, mmoja, na umati wote umenyamaza ukisikiliza.

Katika nyanda hizo walitokea mabwana wa fani hii. Johnny Brittain alishinda Siku Sita mara 2, 1952 na 1957, juu ya Royal Enfield yenye namba HNP 331, mashine iliyokuwa na springi gurudumu la nyuma wakati wengi wakiamini kwamba springi hizo humpotezea mtu mizani. Gordon Jackson, juu ya AJS, mwaka 1961 alizimaliza siku zote 6, pamoja na mito na vilima vyake vyote, kwa kupoteza alama 1 tu. Mguu mmoja, mara moja, katika juma zima. Kisha Sammy Miller, kijana wa Ireland ya Kaskazini, ambaye Ariel yake yenye namba GOV 132 aliipunguza uzito kipande kwa kipande mpaka ikawa haifanani na dada zake. Mwishoni mwa 1964 Miller aliiacha mashine hiyo ya Kiingereza akahamia kwa Bultaco wa Uhispania, kampuni iliyoasisiwa na Francisco Bultó karibu na Barcelona mwaka 1958, akasaidia kuiunda Sherpa T, nyepesi, yenye injini ndogo ya mipigo miwili, na mwaka 1965 akashinda nayo Siku Sita. Siku ile zama za mashine nzito za Birmingham zilifikia ukingoni. Lakini, na hili ndilo linalonigusa mimi, Bultaco ya Miller nayo ilikuwa na gia kuume. Mguu wake haukuhama. Aliubeba kutoka nchi moja hadi nyingine kama mtu abebavyo lafudhi ya kwao.

Mick Andrews ndiye aliyevuka mpaka wenyewe. Alishinda Siku Sita 1970, 1971 na 1972 juu ya Ossa ya Kihispania, halafu akaenda kwa Yamaha, akawasaidia Wajapani kuunda mashine yao ya mchezo huu, na akashinda tena 1974 na 1975 akiwa nao. Mtu aweza kuzihesabu nishani hizo 5 kwa mshangao, nami hushangaa zaidi nikiwaza miguu yake, iliyofunuliwa mambo mapya katika utu uzima na bado ikatii juu ya mawe yaliyolowa.

Mapatano ya leo yalitoka Marekani. Serikali ya huko iliona kwamba watu wanaumia kwa kubadili pikipiki, ikatoa kanuni kwamba kila pikipiki itakayouzwa nchini humo, iliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Septemba 1974, gia yake ikae mguu wa kushoto na breki ya nyuma mguu wa kuume. Na kwa kuwa soko la Marekani lilikuwa ndilo kubwa kwa karibu wote, dunia ikafuata. Viwanda vya Uingereza, vilivyokwisha kudhoofika, havikuwa na uwezo wa kuunda giaboksi mpya, basi Norton na Triumph wakapitisha fimbo ya chuma kutoka ubavu wa kuume, chini au ndani ya mashine, mpaka ubavu wa kushoto, ili mguu wa kushoto uifikishe amri yake upande wa pili. Hata Harley-Davidson waliguswa, maana Sportster yao ilikuwa na gia kuume tangu 1957, nao wakapitisha fimbo kama wenzao. Fimbo hizo zilifanya kazi, lakini aliyezipanda anajua kwamba zina ulegevu. Mguu hukanyaga, kisha hungoja kidogo, na gia hujibu kwa sauti iliyofika kupitia kwa mtu wa tatu. India ndiko mwendo wa kale ulikodumu. Royal Enfield Bullet, iliyoanza kuunganishwa Madras mwaka 1955 kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo, iliendelea na gia yake ya kuume mpaka karne hii ya 21 ilipoingia, hata yako mabara mazima ya watu ambao kwao gia ya kuume si jambo la makumbusho, ni kumbukumbu ya baba.

Siipingi kanuni ile. Imeokoa mifupa ya watu, na mimi mwenyewe ni ushahidi wa haja yake. Ninazo pikipiki mbili za mchezo huu, ile Royal Enfield yangu, Bullet ya 350, ambayo injini yake ni milimita 70 kwa 90, sentimita za ujazo 346, na Yamaha TY 175 ya miaka ya sabini yenye gia kushoto; na vuli moja, baada ya kuipanda Yamaha majuma matatu mfululizo, niliitoa Enfield pasipo kujipa muda, nikateremka kichochoro cha mashamba kinachoishia kwenye lango la mbao. Niliona lango. Nilitaka breki. Mguu wangu wa kuume ukashuka, nami nikasikia injini ikipoa sauti, na katika kile kipande cha nukta baina ya kusikia na kufahamu niliona misumari ya lango moja moja. Nilijitupa kwenye boma la miiba upande wa kushoto. Mfupa wa kifundo cha mkono wangu ulipasuka, ukakaa katika plasta majuma sita, na bado siku za baridi hunikumbusha.

Tangu siku ile nimejiwekea adabu ambayo siivunji. Kabla ya kuwasha mashine yoyote kati ya hizo mbili, naiweka juu ya stendi, nakaa juu yake injini ikiwa kimya, nafumba macho, na ninajiita mwenyewe kwa sauti: breki, gia juu, breki, gia chini, breki; mara kumi, mara ishirini, mpaka mguu ujibu kabla neno halijamalizika. Nimegundua pia kwamba hatari haimo wakati wa kubadili gia, maana gia hubadilishwa kwa utulivu na akili inakuwapo. Hatari yote imo katika fazaa, ambapo akili huondoka na mguu hubaki peke yake na mazoea ya zamani. Basi ni fazaa ndiyo inayopasa kufundishwa. Wenzangu wengine hukanyaga miguu yote miwili kwa pamoja wakati wa hatari, ili mmojawapo upate breki, na katika barabara pana huenda ikawasaidia. Juu ya mteremko wa majani itakupa gurudumu lililoganda na gia usiyoitaka kwa wakati mmoja, kwa hiyo sishauri.

Kuna fundi aliyewahi kuniambia, kwa nia njema kabisa baada ya kuuona mkono wangu katika plasta, kwamba anaweza kunitengenezea fimbo ya kupitisha gia ya Enfield upande wa kushoto, kazi ya siku mbili, nami nitapumzika na mashaka. Pikipiki nyingi za zamani zimefanyiwa hivyo, na wenyewe wanazipanda kwa raha, wala sina haki ya kuwalaumu. Nilikataa, na nikiulizwa sababu nitaisema wazi. Mashine hii iliundwa na watu waliofikiri kwa mguu wa kuume. Uzito wake, umbo la kiki yake, bomba la moshi lililopita kando ya goti lile lile, pedeli ndogo ya kisigino inayotafuta nyutro, hata jinsi mpanda wake anavyokaa akiwa amesimama juu ya vikanyagio, vyote vimekaa kwa kutazamana na gia ile. Ukiihamisha, mashine itakwenda, lakini utakuwa umeilazimisha iseme kwa ulimi usio wake ili wewe usipate taabu ya kujifunza. Na watu wanaoweza kuipanda kama ilivyo wanazidi kupungua kila mwaka, maana waliojifunza kwayo ujanani sasa ni wazee. Chuma chaweza kuhifadhiwa katika makumbusho, kikapanguswa vumbi na kuandikiwa tarehe, lakini maarifa ya mguu hayana kabati la kuwekwa. Yamo ndani ya mtu, na hupita kwa mtu.

Hayo nilimwambia mpwa wangu usiku wa siku ile ya kuanguka, tukiwa tumekaa kibandani, yeye akisugua tope kwenye spoku kwa brashi na mimi nikinyoosha pedeli ya breki iliyopinda. Hakujibu neno. Kesho yake asubuhi nilipoamka kuswali nilisikia sauti kibandani, nikaenda, nikamkuta amekaa juu ya Enfield gizani, injini kimya, macho ameyafumba, mguu wa kuume ukipanda na kushuka.

"Niite, mjomba," akasema bila kufumbua macho.

Nikasimama mlangoni nikamwita. Breki; mguu wa kushoto ukashuka. Gia ya pili. Wa kuume ukakanyaga. Breki. Breki. Nikamwita kwa kumshtukiza, nikapiga kelele, nikagonga debe kwa ufunguo wa spana, na mara tatu za kwanza mguu wa kuume uliruka kabla ya wa kushoto, naye akauma mdomo wake na kusema, "Tena." Tukafanya hivyo siku tisa, asubuhi na jioni.

Siku ya kumi tulirudi kondeni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na majani yalikuwa mazito. Akaigusa kabureta mpaka petroli ikadondoka, akaitafuta nguvu ya pistoni kwa mguu, akaivusha taratibu kwa mkono wa kupunguzia, akapiga kiki, ikawaka kwa pigo la pili. Akapanda mpaka ukingoni, akageuza, akaanza kuteremka. Safari hii kondoo hawakutokea, kwa hiyo nilipoona amefika katikati ya mteremko nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote. Nikaona bega lake la kuume likishtuka, nikaona goti la kuume likitetema mara moja likabaki mahali pake, na mguu wa kushoto ukashuka, polepole, kama mtu anayekanyaga yai. Akasimama dhiraa mbili kutoka langoni. Akazima injini, akashuka, akaenda kutazama kama lango limefungwa.